Dakika Moja na Nusu Chini ya Mwavuli: Uchambuzi wa Filamu Fupi Kuhusu Msongo wa Mawazo

Kikundi kidogo cha watengeneza filamu wa Dar es Salaam kilipewa fedha na shirika moja linaloshughulika na afya ya akili ili kitengeneze filamu fupi. Filamu ilitakiwa ionyeshe msongo wa mawazo wa kila siku na namna mtu anavyoweza kuutuliza kwa kutafakari. Masharti yalikuwa machache: isizidi dakika 12, ieleweke bila hotuba, iweze kuonyeshwa uwanjani usiku na kutumwa kwenye simu. Mimi nilikuwa mtu wa sauti katika kazi hiyo. Majina ya wenzangu na ya shirika nimeyaacha makusudi, kwa sababu ninachotaka kuchambua ni maamuzi, na hasa maamuzi juu ya dakika moja na nusu iliyo katikati ya filamu, ambamo mhusika anakaa tu na kufuatilia pumzi zake, na ambayo karibu kila aliyeitazama kabla haijakamilika alitaka ikatwe.

Kutafakari ni kitu kigumu kupigwa picha. Mtu akikasirika utamwona, akilia utamwona, akikimbia ndiyo kabisa, kamera inapata kazi. Mtu aliyekaa akafuatilia pumzi zake haonekani akifanya chochote. Ndiyo maana kazi nyingi za aina hii hukimbilia mishumaa, filimbi ya mianzi, machweo ya baharini na mtu aliyekunja miguu kama sanamu. Mtazamaji anaarifiwa kwamba hapa pana utulivu, lakini yeye mwenyewe haonji hata tone. Msimamo wangu ni kwamba filamu ya namna hii ina wajibu wa kumpa mtazamaji muda halisi wa kukaa pamoja na mhusika, na wakati huohuo isimdanganye kwamba muda huo utamlipia mhusika deni lake. Kisa hiki chote kinazunguka hapo.

Kutoka Posta hadi Rangi Tatu

Mswada wa kwanza ulikuwa na kijana wa ofisini, katikati ya mji, maeneo ya Posta. Barua pepe zinamiminika, bosi anafoka, foleni ya jioni haisogei, kisha kijana anakwenda Coco Beach, anavua viatu, anafumba macho, mawimbi yanapiga, mwisho. Ungetoa picha nzuri sana. Mwongozaji aliukataa baada ya kuusoma kwa sauti mbele yetu. Alisema mswada ule umewapa msongo wa mawazo watu wenye kiyoyozi, halafu ukawapa na dawa ya kufuatwa kwa nauli. Mtu anayerudi Mbagala saa tatu usiku, kesho anaamka saa kumi alfajiri, angetazama na kusema hayo ni ya wenyewe.

Badala yake akachaguliwa wakala wa pesa za simu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye meza na mwavuli kando ya Barabara ya Kilwa, karibu na Rangi Tatu, Mbagala. Aliyeandika mswada mpya alikwenda kukaa na mawakala na kurudi na daftari lililojaa. Asiyewahi kukaa upande ule wa meza hudhani kazi yao ni kubonyeza simu na kuhesabu noti. Mwisho wa mwezi kila mtu anataka kutoa, keshi inakwisha mezani huku floti, yaani salio la wakala la kuhudumia wateja, imejaa kwenye simu. Siku nyingine kila mtu anataka kuweka, droo imejaa noti na floti imekauka, na mteja anayerudishwa haelewi kwa nini wakala asiwe na pesa. Kuna anayetaja namba haraka haraka, fedha zinakwenda kwa mtu mwingine, na lawama zinabaki kwa aliyebonyeza. Kuna matapeli wanaotuma ujumbe uliotengenezwa ufanane na wa mtandao, ili wakala atoe noti kabla hajakagua salio. Kamisheni ya muamala mmoja ni ndogo mno, kwa hiyo kosa moja la laki linaweza kumeza jasho la siku nyingi. Yote hayo yanatokea juani, mbele za watu, mtu akiwa ameshika fedha ambazo si zake zote.

Juu ya hapo mhusika ana mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa mno, wenye marejesho ya kila wiki. Hilo halikutiwa ili kuongeza chumvi. Ukopeshaji wa namna hiyo umewaumiza watu wengi nchini, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ujumbe wa kudai marejesho ndio ukawa uzi wa filamu. Unaingia mara tatu, kwa mlio uleule, na ukitaka kujua kama mhusika amebadilika, tazama anafanya nini kila unapoingia.

Upande wa vibali hauna hadithi ndefu: barua ya serikali ya mtaa, kibali cha Bodi ya Filamu, na mazungumzo marefu na wenye meza za jirani, ambao biashara yao isingesimama kwa ajili yetu na hatukuwaomba isimame.

Ugomvi umekwisha, mwili bado

Mgogoro mkubwa wa filamu ni ugomvi na mteja. "Dada, hela haijaingia!" "Imeingia kaka, namba uliyonitajia ndiyo hii hapa." Mteja anapayuka, wapita njia wanasimama, mwisho anaondoka akisonya. Katika mswada, papo hapo baada ya ugomvi mhusika alipaswa kuvuta pumzi na kutulia. Muuguzi wa afya ya akili aliyekuwa akitushauri alituzuia, na ushauri wake nadhani ndio uliogeuza filamu kuwa ya kweli.

Alitueleza hivi. Mtu anapotishika, adrenalini huachiliwa ndani ya sekunde chache: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, viganja vinaloa jasho. Mwanafiziolojia Walter Cannon alieleza tangu mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi mwili unavyojiweka tayari kupigana au kukimbia, na mwaka 1936 mtafiti wa homoni Hans Selye akachapisha maelezo yake ya mwitikio wa jumla ambao mwili huutoa unapokabiliwa na madhara ya namna mbalimbali. Lakini homoni nyingine ya msongo, kotisoli, haina haraka hiyo. Kiwango chake hufika kileleni karibu dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Kwa hiyo hata mteja akiwa ameshafika eneo la Zakhem kwa miguu, mwili wa wakala bado umo ndani ya ugomvi.

Mwongozaji alikamata jambo hilo mara moja. Baada ya ugomvi akaweka matukio ya amani kabisa. Mtoto ametumwa kuweka elfu mbili kwenye simu ya mama yake. Bibi mmoja anatoa pesa aliyotumiwa na mwanawe, anashukuru, anamwombea dua. Hakuna anayemkorofisha mhusika, na ni hapo ndipo anapoharibu. Anahesabu noti zilezile mara tatu. Anampa bibi pungufu, bibi anamrudishia kwa upole, "Mwanangu, hebu hesabu tena." Muuza maji jirani anamkaribisha kama kila siku, anamjibu kwa mkato hadi muuza maji anageuka kumtazama. Msongo wa kila siku unaishi humo, katika madhara madogo yanayowaangukia watu wasiohusika. Sijaona njia bora ya kuuonyesha, na haikutugharimu hata shilingi.

Baada ya jibu lile la mkato, mhusika anaona uso wa muuza maji. Hapo ndipo anaposogeza stuli nyuma kidogo, chini ya mwavuli, na kukaa.

Macho ya wakala

Tulipofika kwenye sini hiyo, yaani tukio hilo la kukaa, siku ya kupiga picha, mwigizaji aliambiwa afumbe macho. Akamwangalia mwongozaji na kusema, "Kaka, wakala akifumba macho hapa, simu ya kazi inaondoka." Hakuwa anatania, na mawakala waliokuwa wakitutazama walimuunga mkono kwa sauti moja. Wakala halisi hawezi kufumba macho Rangi Tatu mchana kweupe, droo ikiwa na keshi. Tungempiga picha akifumba, kila mwenye meza angejua papo hapo kwamba filamu imetengenezwa na watu wasiomjua.

Kazi ilisimama tukajadiliana. Muuguzi alisema kufumba macho si sharti. Katika kukaa kwa Wabuddha wa Zen, macho huachwa nusu wazi yakitazama chini mbele. Akaongeza jambo zito zaidi: kwa mtu aliyepitia ukatili au ajali mbaya, kufumba macho na kufuatilia pumzi kunaweza kuamsha hofu badala ya kuituliza, kwa hiyo hata watazamaji wetu ingefaa waone kwamba macho wazi yanaruhusiwa. Mwigizaji akachagua mahali pa kutazama, ukingo wa meza uliobanduka rangi, mkono mmoja ukiwa juu ya simu. Mkono huo juu ya simu ni wazo lake mwenyewe. Anatulia, lakini hajaacha ulinzi. Picha hiyo ni ya mtu wa Dar es Salaam kabisa, haiwezi kuwa ya mwingine.

Uamuzi huo ulipunguza pia wasiwasi wa pili, wa dini. Mbagala, kama pwani yote, watu wana njia zao za kutulia mbele ya Mungu. Kuna nyiradi na tasbihi, kuna rozari na mafungo. Ukiwaonyesha mtu aliyekunja miguu na kugusanisha vidole, swali la kwanza litakuwa hii ni ibada gani, na ni swali la haki. Ufuatiliaji wa pumzi una mizizi ya kale katika dini ya Buddha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kozi kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, akitumia mazoezi hayo bila vazi lake la kidini, na kozi yake ya wiki 8 ikaenea katika hospitali nyingi. Mafunzo ya shirika lililotufadhili yanatoka kwenye mkondo huo. Mwongozaji aliamua asili hiyo isifichwe. Isemwe waziwazi kwenye mazungumzo baada ya onyesho, na anayeona haimfai aachwe na imani yake kwa heshima. Ndani ya picha, hakuna alama yoyote ya ibada. Kuna mwanamke, stuli ya plastiki na barabara.

Akili inapotoroka

Mswada ulikuwa na sauti ya msimulizi juu ya sini hiyo: "Ondoa mawazo yote. Iache akili iwe tupu." Muuguzi alitaka ifutwe na ikafutwa. Nafurahi, kwa sababu kauli hiyo imewakatisha tamaa watu wengi waliojaribu kukaa. Mtu anakaa, mawazo yanakuja, anasema mimi siwezi, anaacha. Zoezi lenyewe ni tofauti. Unaweka nia kwenye pumzi, akili inatoroka, unagundua kwamba imetoroka, unairudisha bila kujikemea. Inatoroka tena. Kule kurudi ndiko zoezi.

Sasa, kutoroka kwa akili kutaonekanaje wakati uso umetulia? Kwa picha ungehitaji kumbukumbu, ndoto, rangi zilizobadilishwa. Tukakubaliana kila kitu kibebwe na sauti, na sehemu hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu nadhani inaweza kumfaa mtengeneza filamu mwingine.

Sekunde 15 za kwanza unasikia kila kitu kwa ukubwa wake: kipaza sauti cha muuza nguo kinachorudia rekodi ileile ya elfu tano, elfu tano; konda anaita Kariakoo, Kariakoo; bodaboda, honi, jenereta. Pumzi ya mhusika inaingia chini ya hayo, fupi, ya juu ya kifua, kila moja kama sekunde 3 au 4. Kelele haipungui. Inachofanya ni kuacha kukushambulia: sauti zinasogea mbali kidogo, zinasikika kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, na pumzi inakaa katikati. Kisha, karibu sekunde ya 35, unasikia mlio wa ujumbe wa mkopo. Simu mezani haijawaka. Mlio umetoka kichwani mwake. Barabara yote inazama, zinabaki sauti mbili tu, mlio ule na "hela haijaingia", zikizungukana. Pumzi haisikiki tena. Uso wa mwigizaji haujabadilika hata kidogo, lakini mtazamaji anajua mwanamke huyu hayupo hapa. Hali hiyo inadumu sekunde 12, ambazo ndani ya ukumbi ni ndefu. Halafu kidole gumba kinasogea juu ya simu, pumzi inasikika, na kelele za barabara zinarudi zote, na safari hii kurudi kwake ni ahueni. Kelele zilezile zilizokuwa adui dakika tano nyuma sasa ndizo zinazokuambia umerudi ulipo. Anatoroka mara ya pili, kwa muda mfupi zaidi, anarudi tena.

Kuhusu kasi ya pumzi kulikuwa na mvutano. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mazoezi mengi ya kutuliza mwili huishusha kasi hiyo hadi karibu mara 6, yaani sekunde 10 kwa kila pumzi, na hukazia kutoa pumzi kwa muda mrefu, kwa kuwa mapigo ya moyo huongezeka kidogo unapovuta hewa na kupungua unapoitoa. Mwongozaji alitaka mwigizaji aanze moja kwa moja na pumzi za sekunde 10, zinapendeza masikioni. Mwigizaji alikataa: mtu aliyetoka kugombana hawezi. Akaanza na zilizo fupi, akaziacha zirefuke zenyewe, na ya mwisho inayosikika ina sekunde 8 au 9. Haikufika kumi. Mpangilio wote wa mhariri ukafuata pumzi hizo. Katika dakika moja na nusu kuna mikato miwili tu, na yote imewekwa mwishoni mwa pumzi inayotoka, pale ambapo mtazamaji naye anakuwa ameshusha mabega.

Kurekodi pumzi barabarani ni kazi ya subira. Maikrofoni ndogo ilibanwa chini ya mtandio, jasho likaibandua, kitambaa kikawa kinakwaruza. Plasta ya hospitali ilisaidia kiasi. Mwishowe sehemu ya pumzi ilirekodiwa upya chumbani, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani, mwigizaji akikaa kwenye stuli ileile na kujitazama kwenye skrini. Muziki haukutumika. Shirika lilituma vipande vya filimbi na kinanda, mwongozaji akavisikiliza kwa adabu na kuviacha, kwa sababu muziki ungemwambia mtazamaji ajisikieje kabla hajapewa nafasi ya kujisikia mwenyewe.

"Imeganda hiyo!"

Onyesho la majaribio lilifanyika Mbagala, uani, jioni, kwa projekta na shuka jeupe, mbele ya mawakala na familia zao. Ugomvi na mteja uliwashika hasa. Walicheka, walizomea, mmoja akamjibu mteja kana kwamba yumo pale. Ikaja dakika ya kukaa. Kabla haijafika nusu, sauti nyuma ikasema, "Imeganda hiyo!" Kijana aliyekuwa karibu na kompyuta akainuka kwenda kuiangalia.

Ofisa wa shirika alihitimisha kwamba sini ni ndefu, ikatwe ibaki sekunde 20. Wengi wetu tuliyumba. Ingekuwa rahisi kukubali, na filamu ingekwenda bila kukwama popote. Mhariri peke yake ndiye aliyesoma tukio lile kwa usahihi. Aliyesema imeganda hakusema imenichosha. Alisema chombo kimeharibika. Watu wetu hutazama video kwenye simu zenye bando la kubania, wamezoea picha kusimama na alama ya kuzunguka kutokea. Picha isiyotikisika kwao ina maana moja. Na katika toleo lile, sini ilikuwa imepigwa wakati hakuna upepo, mwavuli umetulia, hakuna anayepita, na kelele za barabara zilikuwa zimeshushwa mno.

Sini hiyohiyo ilikuwa imepigwa mara nyingine, na pigo hilo tulikuwa tumeliweka kando kwa sababu lilionekana chafu: upepo unapeperusha ukingo wa mwavuli, karatasi ya orodha ya ada inapepea, miguu ya wapita njia inakatiza mbele ya meza. Mhariri akaliingiza hilo. Sauti nayo ikaongezwa chini ya pumzi. Tulikuwa tumerekodi dakika nzima ya mahali pale alfajiri, kabla wauzaji hawajapanga bidhaa, kwa sababu kila mahali pana mvumo wake hata watu wakinyamaza, na mvumo huo ndio unaolijulisha sikio kwamba dunia bado ipo. Ukishusha sauti hadi sifuri, msikilizaji haoni utulivu, anaona spika imekufa.

Mhariri alifanya na jambo la pili ambalo halikuombwa na mtu. Alirudi mwanzo wa filamu, kwenye dakika tatu za mikato ya haraka zinazoonyesha adha za asubuhi, daladala, foleni, ujumbe wa kwanza, akapunguza karibu dakika nzima. Hoja yake ilikuwa kwamba watazamaji walifika kwenye dakika ya kukaa wakiwa tayari wamechoshwa na mikikimikiki, wakaitafsiri kama filamu iliyoishiwa. Naungana naye, na ningekata zaidi. Toleo la mwisho lina dakika 11, na hadi leo naona sehemu ya daladala inasema mara mbili kile kilichokwishaeleweka.

Katika onyesho la pili hakuna aliyesema imeganda. Wengine walikohoa, watoto walinong'ona, simu kadhaa ziliwaka. Lakini sehemu kubwa ya uani ilikaa na mwanamke yule hadi mwisho wa pumzi ya mwisho. Taa zilipowashwa, mama mmoja akauliza swali ambalo kikundi kilikuwa kinabishania kwa muda na mfadhili: "Sasa deni lake amelipa?"

Deni

Shirika lilitaka filamu imalizike na mhusika akitabasamu, wateja wakiwa wamefurahi, na maandishi kwenye skrini yanayohimiza dakika 10 za kutafakari kila siku. Ofisa wao hakuwa mtu wa mchezo. Aliwahi kuwahudumia watu waliofikia kukata tamaa kabisa, na alisema, "Kaka, watu wakitoka hapa lazima wajue cha kufanya. Ukiwaachia mlio wa deni umewaongezea mzigo." Hoja hiyo ina uzito, na mwongozaji hakuipuuza.

Jibu lake lilikuwa kwamba mama aliyeuliza ameshatuambia tatizo liko wapi. Wakala hadaiwi na pumzi zake. Anadaiwa na mkopeshaji, na riba haishuki kwa sababu mtu amekaa vizuri. Filamu inayomwonyesha akitabasamu inamwambia mtazamaji mwenye deni kwamba kilichomkosesha raha ni uzembe wa kutotafakari. Huko ni kumwongezea aliyelemewa lawama juu ya mzigo wake, na kwangu hilo ni kosa la kimaadili kabla hata halijawa la kisanii.

Muuguzi alileta mfano uliotusaidia sote. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza kozi ya vikao vitano ya kukabiliana na msongo, inayoendeshwa kwa sauti zilizorekodiwa na kitabu cha picha, na ikajaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliohudhuria walikuwa na mfadhaiko mdogo zaidi miezi mitatu baadaye kuliko wasiohudhuria. Nafuu hiyo haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwepo. Wanawake wale walikuwa bado wakimbizi. Hakuna aliyewaambia kwamba vita imekwisha, wala nafuu yao haikuhitaji uongo huo.

Mwisho uliopatikana ni huu. Ujumbe wa kwanza ulipoingia, asubuhi, mhusika aliificha simu chini ya daftari la miamala. Wa pili ulipoingia, katikati ya ugomvi, aliuzima kwa hasira. Baada ya dakika ya kukaa unaingia wa tatu, na safari hii simu imewaka kweli. Anausoma wote. Anamwita muuza maji, anamwomba radhi kwa jinsi alivyomjibu, ananunua maji. Anampigia wakala mwenzake wa upande wa pili wa barabara: "Jirani, una keshi? Nikupe floti." Kisha anampigia mkopeshaji, na kwa sauti isiyotetemeka anasema kwamba Ijumaa ataleta nusu, nyingine wiki inayofuata, na anataka maandishi ya kila anacholipa. Hatusikii amejibiwa nini. Mteja mwingine anafika, "Dada, nitolee elfu hamsini," kazi inaendelea.

Maandishi ya dakika 10 kila siku yaliondolewa. Ofisa alipata sehemu ya haki yake: kila onyesho la uwanjani linafuatwa na mazungumzo, na kuna karatasi ya ukurasa mmoja yenye maelekezo ya zoezi, dalili za mtu anayehitaji kwenda kituo cha afya, na maelezo kwamba kukosa usingizi kwa wiki kadhaa au kufikiria kujidhuru si mambo ya kuachiwa pumzi. Kipengele hicho cha kituo cha afya kilihitaji kuandikwa kwa uangalifu. Mtaani jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, limefanywa tusi kwa muda mrefu, na mtu akiambiwa aende kumwona mtaalamu wa akili mara nyingi husikia amefananishwa na kichaa. Karatasi inazungumza kwanza juu ya usingizi, hamu ya kula na maumivu ya kichwa, mambo ambayo mtu hukubali kuyataja mbele ya wenzake. Nadhani hapo ofisa alikuwa sahihi kuliko sisi wote: filamu peke yake isingeweza kufanya kazi hiyo.

Kwenye simu

Toleo la kutumiana kwa WhatsApp lilitaka uchambuzi wake. Spika ya simu haitoi sauti nzito, kwa hiyo muungurumo wa jenereta, ambao uwanjani ulikuwa ukikaba kifua, kwenye simu ulipotea wote. Msongo wa mhusika ukapungua bila mtu kukusudia. Ikabidi kazi ya jenereta ihamishiwe kwenye kipaza sauti cha elfu tano, elfu tano, ambacho kipo katika masafa ambayo simu inayaweza. Pumzi nazo zilipandishwa, kwa sababu simu husikilizwa ndani ya daladala, si katika ukimya.

Urefu wake ulipangwa kuwa dakika 4. Shirika lilituma mapendekezo ya nini kibaki, na dakika ya kukaa ilikuwa imepunguzwa tena hadi sekunde 20. Mhariri aliondoa asubuhi yote, daladala yote na mtoto wa elfu mbili, akaanzia kwenye ugomvi, akabakiza bibi na muuza maji. Dakika moja na nusu hakuigusa. Ofisa alilitazama toleo hilo kwenye simu yake mwenyewe, akalirudia, akaruhusu litumwe.